Jifunze Kuanguka Kabla Hujapanda

Jumapili moja, baada ya Misa, watoto wa kijiji kimoja chenye mawe mengi walikwenda kucheza majabalini kama ilivyo desturi yao. Mmoja wao, mtoto wa miaka 9 hivi, alipanda jiwe lisilozidi kimo cha paa la nyumba. Alipokaribia kufika juu, mguu ukateleza. Akaanguka kinyumenyume, na kwa hofu akapeleka mkono nyuma ili ajizuie. Mkono ukalia kama kijiti kikavu.

Wakubwa walikuja mbio. Walimpenda mtoto, wala hawakukawia kumsaidia. Mmoja aliuvuta mkono, mwingine akaukanda kwa maji ya moto, kisha wakaufunga kwa vijiti na kamba. Kamba wakaikaza sana, wakidhani ya kuwa kukaza ndiko kuponya. Usiku ule mtoto hakulala. Vidole vilivimba, vikawa baridi. Walipomfikisha hospitali siku ya tatu, mfupa uliweza kuungwa, lakini nyama za mkono zilikuwa zimekwisha kufa kwa kukosa damu. Vidole vyake vimekunjamana, havishiki jembe wala kalamu. Jiwe lilimvunja mfupa tu. Kamba ndiyo iliyomharibu mkono.

Habari ya namna hii, ndugu wasomaji, si ngeni masikioni mwenu. Watoto wetu hupanda mawe, miembe na mipera tangu zamani, wala hatuwezi kuwafunga nyumbani kama mbuzi. Kupanda ni mchezo mzuri. Hutia mwili nguvu na moyo ushujaa. Lakini wahenga walisema: mpanda ngazi hushuka. Anayepanda sharti atashuka, kwa hiari yake au kwa kuanguka. Basi leo tutazame jinsi mtu awezavyo kuanguka asivunjike, na tujifunze kwa watu waliofanya jambo hilo kuwa elimu yao.

WATU WAPANDAO MAWE BILA KAMBA

Wengi mmeona ile picha mashuhuri ya Malaika wa Bwana, mkulima na mkewe wakiinamisha vichwa shambani wakati kengele ya kanisa inapolia. Aliyeichora ni Mfaransa, Jean-François Millet, aliyekaa katika kijiji cha Barbizon. Kijiji hicho kipo ukingoni mwa msitu mkubwa uitwao Fontainebleau, mwendo wa kilometa 60 hivi kusini ya mji wa Paris.

Ndani ya msitu huo yamo mawe mengi mno, mawe ya mchanga ulioshikamana, mengine madogo kama kibanda na mengine marefu kupita nyumba. Wapanda milima wa Paris walikuwa wakienda huko kujizoeza kwa ajili ya milima mirefu ya theluji. Polepole waliona ya kuwa kupanda mawe yale mafupi, bila kamba, ni mchezo wenyewe. Mmoja wao alikuwa Pierre Allain, aliyevumbua viatu vyepesi vya mpira vya kushika mwamba. Mwaka 1947 walianza kuchora mishale ya rangi juu ya mawe ili kuonyesha njia. Siku hizi njia za manjano ni nyepesi, halafu hufuata za rangi ya machungwa, za buluu, nyekundu, mpaka nyeusi zilizo ngumu sana. Hivyo mtu hupanda ngazi kwa ngazi, asirukie asiloliweza.

Huko Marekani alitokea John Gill, mwalimu wa hesabu aliyekuwa pia hodari wa michezo ya viungo. Yeye ndiye aliyewafundisha wapanda mawe kupaka mikono unga mweupe ili jasho lisiwatelezeshe. Mwaka 1961 alipanda peke yake, bila kamba, jiwe lenye kimo cha meta 9 hivi katika jimbo la South Dakota. Chini yake palikuwa na uzio wa kuzuilia magari. Kama angaliteleza, angaliangukia juu yake. Alifika salama, kwa sababu alikuwa amejizoeza kwanza kwa muda mrefu. Lakini tusimsifu mtu kwa hatari aliyoiponea na kusahau mazoezi yaliyomponya.

Leo mchezo huu umeenea duniani. Katika Michezo ya Olimpiki uliingizwa kwa mara ya kwanza kule Tokyo mwaka 2021, ukiwa sehemu ya mashindano ya kupanda. Bibi Janja Garnbret wa Slovenia alishinda medali ya dhahabu huko, akashinda tena Paris mwaka 2024. Mtu akimtazama binti huyo, huvutwa na jinsi apandavyo. Atazame pia jinsi aangukavyo! Mashujaa hawa huanguka mara nyingi sana kwa siku moja ya mazoezi, kisha huinuka, hujipangusa, hupanda tena. Mbona hawavunjiki kila siku? Tuone.

KINACHOVUNJA NI KUSIMAMA GHAFULA

Mtu aangukaye kutoka kimo cha meta 2 hufika chini kabla hujamaliza kutamka jina lake, kwa mwendo wa kilometa 22 hivi kwa saa. Kutoka meta 4 mwendo huwa kilometa 32 kwa saa, sawa na baiskeli iteremkayo mlima kwa kasi. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kufikiri hewani. Mwili utafanya kile tu ulichokizoea.

Tena, kinachoumiza hasa si ule mwendo, bali ni kule kusimama ghafula. Fikiri yai. Likianguka juu ya jiwe hupasuka, likianguka juu ya rundo la pamba huweza kubaki zima. Mwendo ni mmoja, ila pamba hulisimamisha polepole. Ndivyo na mwili. Mtu akianguka kutoka meta 2 na miguu yake imenyoka kama nguzo, mwili husimama katika nafasi ya sentimeta 5 tu, na mifupa hupigwa kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 40. Lakini akikunja magoti na kujibiringisha, hata mwili ukasimama katika nafasi ya nusu meta, nguvu ile hupungua ikawa mara 5 hivi. Jiwe ni lile lile, mtu ni yule yule. Tofauti ni adabu ya kuanguka.

KABLA YA KUPANDA

Mpanda jiwe mwenye akili huanza kazi yake angali chini. Kwanza huzunguka jiwe lote, akatafuta njia ya kushukia. Watoto wengi huumia si wakati wa kupanda bali wakati wa kushuka, kwa kuwa walipanda kwa furaha wasijue watarudi vipi. Asiyeona njia ya kushuka, asipande.

Pili hutazama mahali atakapoangukia, akasema moyoni: nikiteleza nikiwa pale, nitafika hapa. Kisha huondoa mawe madogo, visiki, chupa na miiba. Pakiwa na jiwe lenye ncha lisiloondoleka, atafute mahali pengine.

Tatu hutazama hali ya jiwe. Jiwe lenye maji au kuvu huteleza. Mawe ya mchanga kama yale ya Fontainebleau, yakilowa, hupungua nguvu hata kipande cha kushikia chaweza kumegukia mkononi. Ndiyo maana wapandaji wa kule hungoja mvua ipite na jiwe likauke, kisha hufuta miguu kwa kijizulia kidogo kabla ya kukanyaga mwamba. Watoto wetu nao wafundishwe kufuta matope na mchanga nyayoni.

Nne, avue pete na bangili. Pete ikinasa katika ufa huku mwili unaanguka, yaweza kuondoka na kidole. Tena mtu yeyote asikae wala asipite chini ya mwenzake anayepanda. Akianguka wataumia wawili.

ADABU YA KUANGUKA

Mwaka 1882 Mjapani Jigoro Kano alianzisha mchezo wa mieleka uitwao judo. Mwanafunzi wa judo hafundishwi kwanza kumwangusha mwenzake. Hufundishwa kuanguka yeye mwenyewe. Huanza akiwa amekaa, halafu amechuchumaa, halafu amesimama, mpaka mwili uzoee. Hali kadhalika askari waendao kuruka kwa mwavuli kutoka ndege hufundishwa kwanza ardhini: miguu pamoja, magoti yamekunjwa, halafu kujilaza upande, muundi, paja, kalio, mpaka ubavu na bega.

Wapanda mawe nao wana sheria zao, nazo ni hizi.

Fika chini kwa miguu yote miwili, nyayo zikiwa zimeachana kwa upana wa mabega. Anayefikia mguu mmoja huuvunja au huutegua kifundo chake, na kifundo cha mguu ndicho kiungo kiumiacho sana katika mchezo huu.

Magoti yawe yamelegea kidogo hata kabla ya kugusa ardhi. Yakigusa, yakunjike, lakini usijikunje mpaka goti lipige kidevu. Wengi wameng'oa meno yao wenyewe namna hiyo.

Usishindane na kuanguka. Miguu ikisha kugusa, usilazimishe kusimama kama askari. Kubali, keti, kisha jibiringishe kwenye mgongo au ubavuni kama gogo. Wapo vijana waonao haya kugaagaa chini mbele ya wenzao. Haya hiyo haina faida.

Mikono iwe kifuani. Hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote, kwa sababu kila mwanadamu aangukapo hunyosha mkono ili ajizuie. Lakini mfupa mwembamba wa kifundo cha mkono hauwezi kubeba mwili mzima unaoanguka. Ni zaidi ya miaka 200 tangu daktari Abraham Colles wa Dublin, mwaka 1814, alipoandika habari za kuvunjika huku karibu na kifundo cha mkono, na mpaka leo hospitali zote hukutana nako. Mkono ukipelekwa nyuma na kunyoshwa, kiwiko nacho huweza kuchomoka. Kwa hiyo kunja mikono juu ya kifua, kama mtu asikiaye baridi.

Kidevu kishuke kifuani, ili kisogo kisipige chini wakati wa kubiringika.

Mambo haya hayafahamiki kwa kusomwa tu. Enyi akina baba na akina mama, chagueni mahali penye mchanga laini au nyasi nene, palipokaguliwa vizuri. Mtoto achuchumae, mikono kifuani, kidevu kifuani, ajibiringishe nyuma. Akizoea, aanze kusimama. Akizoea tena, aruke kutoka gogo lenye kimo cha goti lake. Watoto watacheka sana, na katika kucheka huko mwili utajifunza jambo ambalo huenda likauokoa mkono au shingo siku moja.

GODORO NA MLINZI

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wapanda mawe huchukua magodoro manene yaliyotengenezwa kwa kazi hii, wakiyabeba mgongoni kama mzigo wa kuni. Huyapanga chini ya jiwe yakikaribiana, bila nafasi katikati, maana mguu ukiingia katika nafasi ile au ukikanyaga pembeni mwa godoro hupinduka. Godoro hupunguza maumivu, lakini halimwondolei mtu kazi ya kuanguka vizuri.

Kijijini hatuna magodoro hayo. Mchanga mkavu ulio laini, wenye kina cha sentimeta 30 hivi, hufaa kwa michezo ya watoto ya kimo kifupi. Lakini lazima upinduliwe kwa jembe mara kwa mara kwa sababu hukandamizwa ukawa mgumu. Jihadharini na rundo la majani. Huonekana laini, nalo huenda likaficha jiwe au kisiki.

Tena wapandaji huwa na mlinzi. Mlinzi ni mwenzako asimamaye nyuma yako, mguu mmoja mbele, mikono ameinua, vidole vyote pamoja na dole gumba lisijitenge, macho yake yakikutazama kiunoni. Kazi yake si kukudaka kama mpira. Mtu mzima akianguka hawezi kudakwa. Watavunjika wote wawili. Kazi yake ni kukusukuma kidogo ili ufikie miguu, na kulinda kichwa na mgongo wako usiangukie vibaya. Mlinzi hatazami ndege wala hazungumzi na wapita njia. Mwenzake akiwa juu, yu mikononi mwake.

ELIMU HII INA MPAKA

Sasa ndugu msomaji, sikia neno hili vema. Maarifa haya ni ya vimo vifupi. Kuta za mashindano ya kupanda bila kamba huwa na kimo cha meta 4 hivi, na chini yake pametandikwa magodoro mazito kila mahali. Mtoto aangukaye kutoka katikati ya mwembe mkubwa, au mgema aangukaye kutoka kilele cha mnazi, hana kubiringika kutakakomtosha. Huko juu dawa ni moja tu: kutoanguka. Maana yake, kupanda kwa kamba au kutumia upondo wa kuangulia matunda. Kutokanyaga tawi kavu. Kutopanda mvua inyeshapo, wala kwa ulevi, wala kwa kushindana.

Kwa mtoto kipimo chepesi ni hiki: asipande jiwe kupita pale ambapo angekubali kuruka kwa hiari yake mwenyewe. Akifika pale na moyo ukasita, ashuke polepole kwa njia aliyopandia. Kushuka si kushindwa. Wenzake wakimcheka, wamcheke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu likisha kuvunjika, wachekaji hawaonekani tena.

AKIISHA KUUMIA

Hata mwenye adabu zote huweza kuumia. Basi kila nyumba ijue haya.

Mkono ukivunjika, usiuvute wala usiukande. Uache kama ulivyoukuta. Vua bangili upesi kabla haujavimba. Tia vijiti vilivyozungushiwa nguo laini, funga juu na chini ya mahali palipovunjika, wala si juu yake, kisha uning'inize mkono shingoni kwa kitambaa. Usikaze. Kila baada ya robo saa tazama vidole. Bonyeza ukucha; ukiachia, rangi irudi mara moja. Vidole vikiwa baridi, vikipauka, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi vinaponyoshwa, legeza kitambaa saa ile ile na kwenda hospitali bila kukawia. Mtoto ambaye kiwiko kimevimba baada ya kuanguka apelekwe siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Saa chache zaweza kuwa tofauti kati ya mkono mzima na mkono uliokunjamana. Njiani asipewe chakula, kwani huenda akatiwa dawa ya usingizi.

Kifundo cha mguu kikiteguka, mtu apumzike, mguu uinuliwe, uwekwe kitambaa chenye maji baridi. Asipoweza kukanyaga hata hatua 4, apigwe picha ya mfupa. Na aliyefikia visigino kwa nguvu hata vikavimba, aulizwe habari za mgongo wake, kwa sababu kishindo kile hupanda na kuweza kuvunja uti wa mgongo bila kuonekana.

Akilalamika maumivu ya shingo au mgongo, au miguu ikifa ganzi, usimkalishe, usimnyanyue kwa mikono na miguu kama gunia. Mmoja ashike kichwa kisitikisike. Ikibidi kumwondoa, watu wanne au watano wamgeuze pamoja kwa neno moja, kama gogo, wamlaze juu ya ubao au mlango. Haraka isiyo na akili hapa yaweza kumlemaza mtu maisha yake yote.

Aliyepiga kichwa, akitapika, akisinzia kupita kawaida, akisema maneno yasiyoeleweka, au akitokwa na maji au damu masikioni au puani, apelekwe mara moja. Kama mfupa umetokeza nje, usiusukume ndani. Funika kwa kitambaa safi, zuia damu, nenda hospitali, na mgonjwa adungwe sindano ya kuzuia pepopunda.

Mambo haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yule mtoto wa miaka 9 tuliyeanza naye hakupungukiwa na godoro la Ulaya. Kama angalifundishwa kukunja mikono kifuani, pengine angaliondoka na mchubuko mgongoni tu. Na kama kamba ingalilegezwa usiku ule vidole vilipopoa, huenda mkono wake leo ungalishika kalamu.

Jumapili ijayo, baada ya Misa, watoto watakwenda tena majabalini. Nendeni pamoja nao. Zungukeni jiwe, ondoeni visiki, waonyesheni njia ya kushuka. Kisha walazeni mchangani na kuwafundisha kubiringika, kabla hawajaruhusiwa kupanda.